Injeksheni Isiwe Pambo

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Wenye magari ya rika hilo, Malindi na Kilifi, wakitaka kuondoa kabureta na kutia injeksheni ya elektroniki, twawanasihi wasitangulize jina la mtambo. Kabureta hutosheka na msukumo wa petroli usiozidi pauni 7 kwa inchi ya mraba. Injeksheni nyingi hutaka 40 hadi 60. Mpira mkongwe ukipasuka juu ya injini ya moto, gari huweza kuteketea na waliomo. Basi kwanza mipira ibadilishwe, tangi lisafishwe kutu, nyaya zikingwe na chumvi ya bahari. Kisha uchaguliwe mtambo ambao fundi wa karibu anaujua. Tahadhari kabla ya hatari.