Muzee anayesahau si mulozi



Kwenye kambi moja ya wakimbizi wa ndani, hapa hapa mujini Bunia, kuna muzee mumoja aliyetoka Djugu. Kule kwao, watu wakigombana juu ya mupaka wa shamba, yeye ndiye walikuwa wanamuita, juu alijua nani alipanda muti gani na mwaka gani. Leo anashinda ndani ya hema. Wenzake wengine walikufa, wengine walivuka Uganda, na watoto wake wanatoka mapema kutafuta kibarua. Anaweza kumaliza siku tatu bila mutu kumuuliza kitu. Sasa yeye ndiye anauliza, mara tano asubuhi moja, kama ngombe zimerudi. Majirani wameanza kunongona: ule muzee analoga.

Hapo sisi vijana tunasema: hapana! Hii njia tunaijua inafika wapi. Mwaka 2001, katika Aru, mamia ya watu waliuawa kwa kusingiziwa ulozi. Ituri hii hii.

Kusahau namna ile ni ugonjwa. Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo na ambayo yanaweza kupunguzwa. Kutengwa na watu ni moja wapo, pamoja na kutosikia vizuri, kutoona, huzuni nzito, tension ya juu. Na mutu asituambie kambi imejaa watu, upweke utatoka wapi. Muzee asiyesikia vizuri, asiye na mutu wa kijiji chake pembeni, yuko peke yake hata katikati ya watu elfu kumi.

Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na kila siku tunaambiwa usalama, usalama. Sawa. Lakini nani ana orodha ya wazee wanaoishi peke yao kambini? Nani anapima masikio na macho yao? Tunaidai serikali ya jimbo na mashirika ya misaada: hiyo orodha ifanywe, na wazee wa kijiji kimoja wawekwe karibu, si kutawanywa kama magunia.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Tuna lisansi, hatuna kazi, tunashinda barabarani tukibishana juu ya mpira. Muda wa kukaa na muzee tunakosaje? Vita ya 1999 ilianzia kwa ugomvi wa mashamba huko huko Djugu. Siku watu watarudi, nani ataonyesha mipaka kama wanaoijua tumewaacha wasahau?

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunaingia kambini, hema kwa hema. Hatuendi kuhukumu mashamba ya mutu; tunaenda kuongea na kuandika. Anayekuja alete kaye, kalamu, na moyo wa kujibu swali moja mara tano.