Lenzi Iliyogeuzwa na Baridi ya Alfajiri

Likizo ya Agosti inapokaribia, jamaa wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu huwapeleka watoto kwa ndugu zao Nairobi. Tumeulizwa mara kadhaa namna ya kupiga picha za wadudu kwa ukaribu mno, zile zinazodhihirisha vinyweleo vya nyuki na macho ya nzi.

Kifaa chake si cha gharama kubwa. Lenzi kuukuu ya milimita 50, ikigeuzwa mbele nyuma na kufungwa kwa pete maalumu, humchora mdudu ndani ya kamera kwa takriban ukubwa wake halisi. Ya milimita 28 humkuza mara mbili na zaidi. Ichaguliwe ile ambayo tundu lake hurekebishwa kwa mkono, kwani ikishageuzwa kamera haina tena amri juu yake.

Taabu iko katika ukali wa picha. Kwa ukaribu huo, sehemu inayoonekana wazi haifiki hata milimita moja: jicho likiwa wazi, vipapasio huwa ukungu. Hivyo hupigwa picha kumi au ishirini, kila mara kamera ikisogezwa kidogo mno, kisha programu ya kompyuta huziunganisha ziwe moja. Sharti mdudu atulie tuli.

Hapo ndipo tunapoachana na baadhi ya wapigapicha. Wako wanaomtia mdudu katika jokofu apooze, na wako wanaomuua kabisa. Qur'ani ina sura iliyoitwa kwa jina la nyuki na nyingine kwa jina la sisimizi, na katika Hadithi aliyoipokea Ibn Abbas, Mtume (S.A.W.) amekataza kuuawa kwa wote wawili. Pambo la ukutani, kwa maoni yetu, si udhuru.

Wala hapana haja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na baridi ya Julai na Agosti huwatetemesha watu wa Pwani, seuze wadudu, ambao wengi wao hungojea jua liwape nguvu ya kuruka. Baada ya swala ya alfajiri, kukishapambazuka, mtoto na aende na mkubwa wake kwenye bustani ya miti ya Arboretum, au atazame majani ya ua nyumbani Kileleshwa au Lavington. Katikati ya jiji, Bustani ya Jeevanjee nayo yafaa, ila vumbi la huko ni adui wa lenzi iliyogeuzwa, ambayo kisogo chake kiko wazi.

Mdudu akianza kutikisa mbawa, apishwe aende zake.