Kode za simu: ni nani aliandika tablo?

Mesaje ya WhatsApp unayotuma toka Bukavu kwenda Uvira inafungwa na kode inayoitwa AES. Ndani yake kuna tablo moja ya namba 256, mafundi wanaiita esiboksi. Namba inaingia, inatoka namba ingine. Kazi zingine za kode ni kuhamisha na kujumlisha tu. Mutu wa hesabu angezirudisha nyuma bila shida. Tablo ndiyo inamuzuia. Basi swali ni hili: aliyeiandika, alieleza namna aliiandika?

Marekani ilianza vibaya. Mwaka 1977 ilikubali kode DES, iliyotengenezwa na IBM, yenye tablo nane. Shirika la upelelezi NSA lilitia mkono. Namba zilichapishwa, sababu za kuzichagua zikafichwa, na watu wakashuku mlango wa siri. Kisha mwaka 1990 Eli Biham na Adi Shamir, wa Israeli, wakatangaza njia mpya ya kuvunja kode: unaingiza mesaje mbili zenye tofauti unayoijua, unachunguza tofauti inayotoka. Ajabu, tablo za DES zilikuwa zimekingwa tayari. Mwaka 1994 Don Coppersmith wa IBM akaeleza kwamba wao waliijua njia hiyo tangu 1974, wakanyamaza. Kwa hiyo siri ilisaidia? Kwa upande huo, ndiyo. Lakini raia alikaa karibu miaka ishirini akiambiwa aamini tu.

AES ilipitia shindano la wazi, na mwaka 2000 wakashinda Joan Daemen na Vincent Rijmen. Wabeleji, ndiyo, lakini safari hii hesabu zote ziliwekwa mezani. Tablo yao inatoka katika kanuni fupi inayojulikana. Ukichagua tofauti yoyote ya kuingiza, tofauti moja ya kutoka haipatikane zaidi ya mara 4 kati ya 256. Mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza kuhakikisha mwenyewe.

Urusi ilitoa kode yake, Kuznyechik, mwaka 2015. Watengenezaji walisema tablo yake ilipatikana kwa bahati nasibu. Mwaka 2019 Léo Perrin, mutafiti wa Ufaransa, akaonyesha kwamba ina mpango wa hesabu uliojificha. Hakuonyesha namna ya kuivunja, hilo tuliseme wazi. Ila namba zilizookotwa ovyo hazijipange hivyo, na kwangu maelezo ya wenyewe hayatoshi. Tablo hiyohiyo iko ndani ya Streebog, chombo cha Urusi cha kuhakikisha kwamba faili haikubadilishwa, na hicho kiliingizwa katika kanuni za kimataifa za ISO mwaka 2018.