Farasi za motere hazisimamishi remoroki



Mwezi wa tano, wakati watu wanarudisha mahindi kutoka mashamba, walituletea dispanseri watu watatu wa jamaa moja: mzee aliyekwisha kupata pansio, mke wake, na mjukuu wao wa miaka 11. Mzee alikuwa na kidonda kwenye paji la uso. Mama alikuwa ameteguka mkono. Mtoto, ambaye alikaa juu ya mifuko ndani ya remoroki, alikuwa amevunjika mfupa wa paja. Tulimfunga mbao mguu wote na kumpeleka lopitali upesi.

Mzee huyu ninamfahamu tangu zamani. Alifanya kazi ya mashini miaka 31 bila ajali hata moja. Helmeti kichwani, miwani machoni, kila siku. Alipopewa hesabu yake ya mwisho alinunua minibisi iliyokwisha kutumika Japani na kushukia bandari ya Dar es Salaam, kama nyingi tunazoziona hapa kwetu. Kisha fundi wa kuchomelea akamtilia kroshe nyuma, akanunua na remoroki, akasema sasa jamaa yake haitalala njaa.

"Baba," nilimwuliza wakati nikimshona kidonda, "mbele ya kununua uliuliza neno gani?"

"Dokta, niliuliza motere iko na farasi ngapi. Wakaniambia 100. Nikasema basi, hii itavuta."

Na kweli ilivuta. Ilipanda mlima bila kulia. Ni kwenye mteremko wa upande wa pili, karibu na daraja, ndipo remoroki ilipoanza kuisukuma minibisi, na pedale ya freni ikaingia mpaka chini kama mguu kwenye matope.

Maoni yangu ni haya: sisi sote tunauliza neno lisilo la kwanza. Tunauliza nguvu ya kuvuta, hatuulizi nguvu ya kusimamisha. Mimi si injenyeri. Lakini nilikaa na fundi mmoja wa garaji tukafanya hesabu kwenye karatasi, na kila mtu aliyesoma hesabu shuleni anaweza kuirudia.

Mzee alikuwa na mifuko 25 ya kilo 50. Hiyo ni kilo 1 250. Remoroki tupu ilikuwa na kilo 300. Jumla kilo 1 550. Kupandisha uzito huo kwenye mlima unaoinuka mita 5 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, kunaomba motere iongeze karibu farasi 17 tu, na chache zaidi za kuzungusha magurudumu. Farasi 17! Hata motere dogo linaweza kuzitoa. Sasa mtoto anavuka njia mbele yako. Unataka kusimama kwa sekunde 4. Ili kuzuia remoroki peke yake, freni zinapaswa kufanya kazi ya farasi zaidi ya 70. Na kama remoroki haina freni zake, kazi hiyo yote inaangukia freni za motokari, ambazo zina uzito wa motokari yenyewe wa kuzuia. Ukikimbia kilometa 80 pahali pa 40, mzigo wa freni haukui mara mbili. Unakua mara nne.

Sisemi kwamba nguvu ya motere ni bure. Hapa kwetu tunakaa juu: Lubumbashi iko mita 1 200 hivi juu ya bahari, Kolwezi inapita 1 400. Hewa ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Kwa hiyo farasi 100 za yule mzee zilikuwa 88 tu zilipofika Lubumbashi. Motere dhaifu inachemsha radiatere mlimani, na shofere anayeona maji yanachemka anafungua kifuniko kwa mkono. Macho na vifua vilivyoungua kwa mvuke nimevifunga zaidi ya mara moja. Motere ya mazuti yenye turbo ni bora kwa kazi ya kuvuta. Lakini jambo hilo ni la pili.

La kwanza ni uzito ambao fabriki imeruhusu. Motokari zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya zina kibati kidogo, mara nyingi kwenye mlango au chini ya kifuniko cha motere. Mstari wa kwanza wa kilo unasema motokari pamoja na mzigo na watu wake isipite ngapi. Mstari wa pili unasema motokari na remoroki pamoja zisipite ngapi. Toa ule wa kwanza kwenye wa pili, utajua remoroki unayoweza kuvuta wakati motokari imejaa. Kama mstari wa pili hauna namba, fabriki haikutaka motokari hiyo ivute kitu. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani yenyewe mara nyingi hazina mstari huo, na muuzaji atakwambia lolote unalotaka kusikia. Hapo tafuta kitabu cha motokari, au fundi anayeijua aina hiyo. Usiende kwa mchomeleaji kwanza.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wa pansio wanaonunua nyumba ya magurudumu, motokari moja yenye kitanda, jiko na choko, na nyuma wanavuta remoroki. Hata wao wanadanganyika vilevile: wanahesabu farasi, wanasahau kwamba maji ya kuoga, gazi na mabati ya chakula yamekwisha kumaliza kilo zote zilizoruhusiwa. Ninyi mnacheka, lakini minibisi yenye watu kumi, mbuzi wawili na makaa juu ya paa ni jambo lilelile. Huko Ulaya, remoroki inayopita kilo 750 lazima iwe na freni zake. Namba hiyo ninaomba tuichukue na sisi, hata kama hakuna polisi anayetuuliza. Chini ya 750, na motokari nzito mbele, unaweza kwenda bila freni za remoroki. Juu ya hapo, nunua remoroki yenye freni, au enda mara mbili.

Najua mtasema: dokta, enda mara mbili ni mafuta mara mbili. Ni kweli, na mafuta ni ghali. Yule mzee alinihesabia mwenyewe bei ya mafuta ya safari ya pili aliyoikataa. Halafu akanihesabia minibisi, mahindi yaliyomwagika mtoni, na miezi ambayo mtoto hakwenda shule. Sikumwambia kitu. Nilikuwa bado nashona.

Mafuta ya freni nayo yanazeeka. Yanakunywa maji kutoka hewani polepole. Yale ya kawaida, yanayoandikwa DOT 3, yakiwa mapya hayachemki mbele ya digrii 205. Yakikwisha kunywa maji yanaweza kuchemka kwenye 140, na freni inayobanwa mteremko mzima inapita joto hilo kwa urahisi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hausukumi freni. Ndiyo ile pedale iliyoingia chini. Kwa hiyo motokari iliyokwisha kutumika, badilisha mafuta ya freni mbele ya kitu kingine, hata mbele ya kuipaka rangi. Na kwenye mteremko tia vitesi ya chini tangu juu, acha motere izuie, usilale juu ya freni.

Mizigo mizito ipangwe juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Kroshe ibebe kama kilo 5 mpaka 10 kwa kila kilo 100 za remoroki. Ukipakia nyuma, remoroki itaanza kucheza kama mkia wa nyoka. Ikicheza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, usikanyage freni kwa nguvu na usiongeze mwendo. Tieni na mnyororo wa pili, wenye nguvu, kwa siku ile kroshe itakapokatika.

Na mtu asikae ndani ya remoroki. Hata mmoja. Hata mkubwa, hata kwa kilometa mbili. Remoroki inapinduka peke yake wakati motokari bado imesimama sawa, na aliye juu ya mifuko anaanguka chini ya mifuko. Mama zetu, hapa ninyi ndio wenye amri kuliko shofere. Kama nafasi haiko ndani ya motokari, mtoto abaki kwa jirani mpaka safari ya pili.

Neno langu la mwisho ni kwa wakubwa wa kazi. Tunayo mizani kubwa ya kamyo kwenye mlango wa fabriki, na Jumamosi baada ya saa sita mara nyingi inalala. Wafanyakazi na wazee wa pansio waruhusiwe kupitisha motokari na remoroki zao pale saa mbili tu, wakati wa mavuno. Mtu ajue kilo zake kwa macho yake. Nimeandika barua kwa kamiti ya usalama mwezi uliopita, na ninangoja jibu. Wanaotaka kutia mkono wao kwenye barua hiyo, iko dispanseri, kwenye meza ya kupokelea wagonjwa.