Mtoto anaona nini kwenye simu yako?

Mzazi, simu yako siku hizi ndiyo albamu ya familia. Humo mtoto anakutana na harusi ya shangazi, kisha ajali na vurugu zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Picha za kutisha zinaweza kumletea hofu na kumkosesha usingizi, hasa asipokuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Ipo picha ninayopenda kuwaonyesha watoto: Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, mwaka 1964. Haina rangi, lakini mpigapicha aliwahi pale udongo unapomiminwa, na nchi mbili kuungana likawa jambo analolielewa hata mtoto wa darasa la pili. Hiyo kwangu ni sanaa.

Mpwa wangu aliitazama, akauliza: “Sasa wakigombana, watautenganishaje?” Tukazungumza amani hadi chakula kikaiva.

Jaribu jioni hii. Mwonyeshe bila kumweleza kwanza. Muulize anaona nini, kisha msikilize. Na zile picha za damu, zifute kabla hujampa simu.