Kabla ya Kulipia Beringi

Gari la nyumbani likianza kuvuma upande wa mbele, na mvumo ukazidi kadiri mwendo unavyoongezeka, yawezekana beringi ya gurudumu imechakaa. Ukilipeleka kwa wakala wa magari, huenda ukapewa makadirio yanayokaribia mshahara mzima wa askari. Usitie sahihi upesi.

Kwanza, uliza ni gurudumu lipi. Aghalabu mvumo ukizidi gari likatapo kona ya kushoto, yashukiwa beringi ya kulia, kwani uzito huegemea huko. Fundi na alipige jeki gari, alitikise gurudumu juu na chini, kisha alizungushe, nawe ukiona.

Pili, dai bei ya kipuri na ya kazi, kila moja mbali. Beringi moja ikifa, si lazima kubadili zote mbili. Katika magari mengi ya zamani huenda imelegea tu, yatosha kukazwa kwa kipimo na kutiwa grisi.

Tatu, linganisha bei kwa fundi mwaminifu mwenye mashine ya kushindilia. Beringi iliyopigwa nyundo haidumu. Ila usikawie: gurudumu laweza kuchomoka njiani, na watoto wamo garini.