Leseni Ipime Hatari, Isipime Ugeni

Wapo wanaodhani kwamba serikali makini hutambulika kwa wingi wa vikwazo inavyowawekea wananchi wake. Wapo pia wanaoamini kwamba kila kibali kinachodaiwa na dola ni uonevu. Leo nataka kuzipima dhana hizi mbili kwa mfano wa mbali kidogo: jinsi mtu ambaye hajawahi kuwinda anavyoomba cheti cha kumiliki bunduki ya kuwindia kulungu huko Uingereza. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu mwanafunzi wangu wa zamani, anayefanya kazi kaskazini mwa nchi hiyo, aliniandikia kuuliza iwapo taratibu anazopitia ni za haki, au ni namna ya kistaarabu ya kumwambia kuwa hatakiwi. Swali lake linastahili kujibiwa hadharani, maana linawagusa wote wanaotoa vibali na wote wanaoviomba.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe. Kulungu ninayemzungumzia si yule wa vichaka vyetu. Ni mnyama wa misitu ya Ulaya, ambaye kwa aina nyingi dume lake huota pembe zenye matawi, zikadondoka na kuota upya kila mwaka. Uingereza ina aina 6 za kulungu wa porini. Mbili tu ndizo za asili, nyingine zililetwa na binadamu. Idadi yao hukadiriwa kufikia milioni 2. Mbwamwitu, aliyekuwa adui yao mkubwa, alikwisha kutoweka nchini humo karne kadhaa zilizopita, na hakuna mnyama mwingine aliyeirithi kazi yake. Matokeo yake miche huliwa kabla haijawa miti, mashamba huharibiwa, na magari hugongana na wanyama hao barabarani. Kuwapunguza, kwa hiyo, si starehe ya mabwanyenye peke yao. Ni kazi ya uhifadhi inayohitaji watu. Mwaka 2023 Scotland ilifikia hatua ya kufuta msimu wa kuwapumzisha kulungu madume, ili wawindwe mwaka mzima.

Kazi hiyo haifanywi kwa silaha yoyote ile. Huko England na Wales, Sheria ya Kulungu ya mwaka 1991 inataka raifo ambayo kipenyo chake, kwa kulungu wa aina kubwa, hakipungui inchi 0.240. Sababu yake ni huruma: risasi hafifu humjeruhi mnyama, akakimbia na kwenda kufia mbali kwa mateso. Lakini risasi yenye nguvu ya kumwangusha kulungu mara moja ndiyo hiyo hiyo inayoweza kusafiri kilomita kadhaa ikikosa shabaha. Hapo ndipo dola inapopata haki ya kuuliza maswali.

Maswali hayo yameandikwa katika Sheria ya Silaha ya mwaka 1968, kifungu cha 27. Mkuu wa polisi wa eneo hutoa cheti akiridhika kwamba mwombaji anafaa kukabidhiwa silaha, kwamba hajazuiwa na sheria, kwamba ana sababu ya msingi ya kuihitaji, na kwamba kumruhusu hakutahatarisha usalama wa umma wala amani. Angalieni sababu hiyo ya msingi. Kwa bunduki ya marisau, inayotumika zaidi kwa ndege, mwombaji hadaiwi kuitanguliza. Ni polisi wanaomkatalia iwapo wataona kuwa hana sababu ya msingi. Kwa raifo mzigo uko begani mwa mwombaji. Ni lazima aeleze atawinda nini, wapi, na kwa silaha ya kipenyo gani. Akikubaliwa, cheti hutaja silaha anazoruhusiwa kununua na kiwango cha juu cha risasi anazoweza kuwa nazo, nacho hudumu kwa miaka 5.

Kabla ya hapo huwa amepitia mengi. Daktari wake hutakiwa kutoa taarifa za afya yake, ya akili ikiwamo. Wadhamini wawili humwandikia. Nao sharti wawe wakazi wa Uingereza Kuu waliomfahamu kwa angalau miaka 2, wala wasiwe watu wa familia yake, askari polisi au wauza silaha. Ofisa wa polisi humtembelea nyumbani, akazungumza naye na kukagua mahali silaha itakapofungiwa, kwa kawaida kabati la chuma lililokazwa ukutani. Polisi wanaweza pia kuikagua ardhi anayokusudia kuwindia, wajue kama kuna kilima au kingo ya udongo ya kuizuia risasi iliyopita. Na ada ipo: Februari 2025 ada ya cheti kipya cha raifo ilipandishwa hadi pauni 198, kutoka pauni 88 za awali.

Je, huu ni urasimu? Nchi hiyo haikufikia hapa kwa kupenda makaratasi. Mwaka 1987, katika mji wa Hungerford, mtu mmoja aliwaua watu 16 kwa silaha alizozimiliki kihalali. Mwaka 1996, huko Dunblane, watoto 16 na mwalimu wao waliuawa shuleni, na muuaji naye alikuwa na cheti. Baada ya Hungerford zilipigwa marufuku raifo nyingi zinazojipakia zenyewe. Baada ya Dunblane zikapigwa marufuku bastola za kawaida. Asemaye kwamba mwombaji wa bunduki asiulizwe kitu, awaendee wazazi wa watoto wale akawaeleze hoja yake. Katika hili sina kigugumizi: kumiliki silaha ni dhamana anayopewa mtu na jamii, na jamii ina haki ya kumchunguza mdhaminiwa.

Hata hivyo, kukubali uchunguzi si kukubali kila namna ya uchunguzi. Tumtazame sasa huyu mgeni, nikimaanisha mtu mgeni katika uwindaji, awe mzaliwa wa nchi ile au mhamiaji. Anaambiwa alete sababu ya msingi. Sababu hiyo, kwa vitendo, ni ruhusa ya mwenye ardhi au nafasi ya kulipia uwindaji mahali fulani. Mwenye ardhi naye huuliza: una uzoefu gani? Una cheti cha polisi? Basi mtu huzunguka baina ya milango miwili, kila mmoja ukimtaka aje na ufunguo wa mwenzake. Aliyezaliwa shambani, ambaye baba yake na ami yake ni wawindaji, haujui mzunguko huo kabisa. Ardhi ipo, wadhamini wapo, na mazoea alianza kuyapata utotoni. Muuguzi aliyehamia mjini miaka miwili iliyopita hana hata mmoja wa kumdhamini nje ya wodi anayofanyia kazi. Sheria haikumtaja kwa kabila wala kwa rangi. Lakini sharti linaweza kuwa sawa kwa wote katika maandishi, likawa zito kwa baadhi katika maisha.

Mtetezi wa mfumo atasema kwamba uzito huo ndio bei ya usalama. Nakataa, na ushahidi wangu ni wa huzuni. Tarehe 12 Agosti 2021, katika mtaa wa Keyham mjini Plymouth, kijana mmoja aliwaua watu 5, mama yake mzazi na mtoto wa miaka 3 wakiwamo, kisha akajiua. Bunduki yake ilikuwa ya marisau, naye aliimiliki kwa cheti halali. Polisi wa Devon na Cornwall walikuwa wameichukua bunduki hiyo pamoja na cheti baada ya kijana huyo kuwapiga vijana wadogo bustanini, kisha wakamrudishia vyote wiki chache kabla ya mauaji. Februari 2023 jopo la wananchi lililoketi kuchunguza vifo hivyo lilibaini kasoro kubwa katika kitengo cha leseni cha polisi hao. Muuaji alikuwa mkazi wa mtaa ule ule. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Ukali wa leseni una sehemu mbili, na watawala hupenda kuzichanganya. Kuna ukali unaopima hatari: afya ya mtu, hasira zake, ugomvi wake nyumbani, ulevi wake, jinsi atakavyoifungia silaha, na kama anajua risasi itaishia wapi. Na kuna ukali unaopima ugeni: anafahamiana na nani, ana ardhi ya nani, amekaa kwa muda gani, mfuko wake una kina gani. Ukali wa kwanza unaokoa maisha, nao ni mgumu, kwa sababu unahitaji maofisa waliofunzwa, wanaosoma taarifa na kuthubutu kusema hapana hata kwa mwenyeji anayefahamika. Ukali wa pili ni rahisi, kwa sababu unajiendesha wenyewe kwa fomu. Ofisi inayozembea katika ule wa kwanza hujificha nyuma ya ule wa pili na kujisifu kuwa ni makini.

Uingereza yenyewe inayo mambo ya kuvunja mzunguko ule, iwapo itayatumia kwa nia njema. Kifungu cha 11A cha sheria ile ile kinamruhusu mtu aliyefikia umri wa miaka 17 kuazima raifo na kuitumia katika ardhi binafsi, akiwa pamoja na mwenye cheti anayeruhusiwa kisheria kumwazima, bila yeye kuwa na cheti. Yapo pia mafunzo ya ngazi ya kwanza ya uwindaji wa kulungu, yenye mtihani wa kuwatambua wanyama, usalama, usafi wa nyama na kulenga shabaha. Sheria haiyalazimishi, ila ni ushahidi mzuri kuliko ujamaa na mwenye shamba. Polisi wanaweza vilevile kumpa mgeni cheti chenye sharti la kuwinda akisindikizwa na mzoefu hadi aive. Njia hizi zinampima mtu kwa anachokijua na anachokifanya. Ushauri niliompa mwanafunzi wangu ndio huu: aanze na bunduki ya kuazima, afanye mtihani, ajenge ujirani, ndipo aombe. Na akikataliwa, atazame sababu alizopewa, kwani sheria inampa haki ya kukata rufaa mbele ya Mahakama ya Crown, au mbele ya sheriff ikiwa yuko Scotland. Hapo utaiona thamani ya mfumo ule: ofisa ana hiari, lakini hiari yake ina hakimu juu yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Mwaka 1896 utawala wa Kijerumani ulitoa kanuni za uwindaji katika koloni lake la Afrika Mashariki, na Waingereza waliofuata wakaendeleza mtindo wa leseni. Mwindaji aliyekuwa akiilisha kaya yake kama alivyofanya babu yake akaamka siku moja akiitwa jangili, ilhali mgeni mwenye fedha za leseni akaitwa mwanamichezo. Leseni ile haikupima hatari kwa mnyama wala kwa mtu. Ilipima nani ni nani. Uhuru ulipokuja, sheria nyingi tulizirithi pamoja na tabia zake. Ndiyo maana hadi leo mwananchi anayeomba kibali, kiwe cha silaha, cha biashara au cha mkutano, hujiuliza kwanza anamjua nani pale ofisini, kabla ya kujiuliza sheria inamtaka nini.

Enyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, mnapoandaa fomu mpya, chukueni kila sharti mliulize: linazuia madhara gani? Likikosa jibu, linazuia watu tu. Enyi wanaharakati, msipiganie kulegezwa kwa kila kitu. Piganieni sababu za maandishi kwa kila anayekataliwa, na mlango wa rufaa usiofungwa kwa gharama. Nanyi wanafunzi wangu wa sheria na siasa, msiridhike kusoma kwamba sharti ni sawa kwa wote. Tafuteni ni nani hasa wanaorudi nyumbani mikono mitupu, na kama kweli wao ndio waliokuwa hatari.

Wahenga walinena pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Misitu ya Uingereza inahitaji mikono mipya ya kuwapunguza kulungu, na mikono hiyo haitatoka katika koo zile zile za wawindaji peke yake. Achunguzwe mgeni, tena kwa makini, kama anavyopaswa kuchunguzwa mwenyeji. Akithibitika kuwa ni salama, apewe cheti chake.